Lango la Mlima Usiokuwamo Kwenye Ramani

Huku Blaenau mvua haingoji msimu.
Inanyesha kama mtu anayerudia kisa kile kile
hata wasikilizaji wakishaondoka.
Mawe ya kuezekea yamelundikana milimani, meusi,
mabaki ya machimbo yaliyomla babu yangu pafu moja.

Kanisa letu tuliliuza mwaka juzi.
Sasa mle ndani wanauza mazulia.
Mimi, Mererid, niliyefundisha watoto kusali
miaka thelathini, kila Jumapili, na biskuti mfukoni,
nilichungulia dirishani nikaona zulia la rangi ya ini
limetundikwa pale palipokuwa na mimbari.
Nikacheka,
kisha nikakosa pa kukiweka kile kicheko.

Kitabu si changu. Ni cha mjukuu wangu, Macsen,
alikisahau chini ya kitanda pamoja na soksi moja.
Jaladani kuna joka lenye meno mengi kuliko mdomo.
Nilikifungua nipate kukidharau:
porojo, nikasema, za watu wazima waliogoma kukua.
Ukurasa wa kumi nikatafuta miwani.
Ukurasa wa themanini viazi vikaungua.

Humo mna msichana mbeba chumvi.
Ametembea hadi viatu vimekwisha, akafika kwenye lango
lililochongwa mlimani, na bawabu wake kipofu
mwenye kuvu masikioni.
Msichana anajaribu upanga. Lango kimya.
Anajaribu sala zote alizofunzwa, hata zile ndefu.
Kimya.
Ndipo bawabu anasema, bila haraka:
"Taja jina la unayemchukia.
Lakini ulitaje
kama mama yake alivyolitaja siku ya kwanza."

Nikafunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

Nest.
Dada yangu. Yuko Porthmadog, nusu saa kwa basi,
miaka kumi na tisa.
Chanzo ni saa ya ukutani ya marehemu mama,
ambayo haikuwa hata ikitembea.

Nimeiomba ile sala ya kusamehewa mara ngapi, Mungu wangu?
Na kila mara, nikifika kwenye lile neno dogo, "kama",
nililiruka, sketi nimeikunja,
mtu anavyoruka dimbwi akienda harusini.
Mbele ya mimbari nilikaa na ngao magotini;
nilijua kuna mtu anakuja kuniuliza jambo.
Hadithi sikuiwekea mlinzi.
Uongo ulipita mlango wa jikoni, umevaa magamba,
umebeba kikapu, na kikapuni,
chini ya moshi na mapanga ya bandia,
lilikuwamo deni langu, na jina langu juu yake.

Nilikuwa na miaka sita alipozaliwa.
Nilisimama mlangoni, mguu mmoja juu ya mwingine.
Mama alilitamka taratibu, Nest,
kama apimaye kwa kiwiko
joto la maji ya kumwogeshea.

Basi nikajaribu, peke yangu, mbele ya birika.
Mara ya kwanza lilitoka kama kigae.
Mara ya pili lilitoka na ile saa ndani yake.
Mara ya tatu friji ikanyamaza.
Sidai muujiza; friji hii hunyamaza ikitaka.
Ila nyumba ilikuwa na nafasi
ambayo asubuhi haikuwamo.

Kule kitabuni lango lilifunguka upana wa kiganja.
Msichana hakupita.
Aliweka shavu kwenye ufa, akasikia maji.

Nimeifua ile soksi. Nimeitia ukurasani iwe alama.
Macsen akipiga simu kuuliza kama nimemaliza
nitamwambia bado niko langoni,
naye atadhani ninatania.

Basi la Porthmadog hupita saa tatu na dakika kumi.
Sijasema nitalipanda.
Nimesema tu
linapita.